Kabla Hujachomeka Gitaa

Elerai, Jumamosi jioni

Mwanangu Aika,

Leo mchana, mlipomaliza kujaribu vyombo pale uani, baba yako mkubwa Anaeli alisema neno moja tu. Alisema, "Anapiga kama wewe." Alilisema akinitazama mimi. Wewe ulicheka kwa furaha, ukamjibu asante baba mkubwa, mama yako akatoa kigelegele kifupi, na mimi nikaaga kwamba naenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na tatizo lolote. Haikuwa sifa, mwanangu. Kaka yangu hajawahi kunitukana tusi zito kama lile, na kusema kweli nililistahili.

Muda mfupi kabla ya hapo ulikuwa umeniuliza swali. Ulitaka kujua kesho mpande basi na kipi, maana kondakta hatakubali mizigo yote: ile amplifaya yako mpya pamoja na pikapu, yaani kile kidude cha sumaku unachokibana kwenye tundu la gitaa, au maikrofoni yangu ya zamani na stendi yake. Nikakujibu, "Chukua unachotaka." Lilikuwa jibu la mvivu na la mwoga. Wewe na Ndeshi mnakwenda Dar kuanza kazi hotelini, wewe gitaa, yeye sauti, na Ndeshi ni mtoto wa Anaeli. Swali hilo sikutakiwa kulijibu nikiwa nimekupa mgongo.

Mambo mengine nayaruka. Habari za kula vizuri, kwenda kanisani na kuwakwepa wanaume wenye magari, mama yako amekuhubiria wiki nzima, nadhani hata begi lako limeshika kwa moyo. Kwangu imebaki hii ya gitaa tu. Ningependa kukwambia kwa mdomo, lakini nimejaribu tangu mchana na kila nikikuita nakutuma maji.

Gitaa unaloondoka nalo aliliunda Anaeli. Hilo unalijua. Alikuwa bado kijana, fundi seremala kwenye karakana ya misheni kule nyumbani Machame, na mbao alizipata kwenye gogo la mringaringa ambalo babu yako alilitunza achonge mzinga wa nyuki. Babu alinuna mwezi mzima. Nyuzi madukani hazikuwepo, kwani nini kilikuwepo madukani enzi zile? Tulifumua waya wa breki za baiskeli, tukachagua uzi mmoja mmoja kwa unene. Siku aliponikabidhi alisema mimi nina vidole na yeye ana koo, kwa hiyo gitaa likae kwangu. Hakuliomba tena.

Tulipohamia Arusha, mimi nikiwa karani wa ghala kiwandani Themi na yeye akianza kibanda chake cha useremala, tulikuwa tunaitwa kwenye maharusi na kwenye mavuno ya kanisa. Chombo chetu kilikuwa kimoja, hiyo maikrofoni iliyo sandukuni, tukiichomeka kwenye spika ya ukumbi. Tuliisimamisha katikati yetu, kimo cha kifua, nikaielekeza pale shingo ya gitaa inapokutana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu, pale gitaa linavuma kama debe. Hatukuwa na vitufe vya kusawazisha chochote, tulisawazisha kwa miguu. Kaka akianza kuimba, mimi narudi hatua moja nyuma. Akimaliza ubeti, anarudi yeye, nasogea mimi. Watu walidhani tunacheza. Mimi nilikuwa natega sikio kumsikiliza yeye muda wote, kwa sababu nisipomsikiliza sijui nisimame wapi.

Na kabla ya shughuli tulikuwa na utaratibu wetu. Tulimtafuta mzee au bibi mwenye masikio mazito kidogo, tunamkalisha benchi la mwisho kabisa, tunapiga ubeti mmoja, kisha Anaeli anamwendea kwa adabu, shikamoo, halafu anamwomba ayarudie maneno aliyoyasikia. Akiyarudia sawasawa tunaanza. Akikosea, tunahamisha stendi. Wenzetu walitucheka sana kwa jambo hilo. Siku moja mzee mmoja akarudia maneno ya wimbo mwingine kabisa, tukajua huyo hakusikia chochote, alikuwa anatufurahisha tu ili apewe pombe ya mbege.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu aingize na auze bidhaa anazotaka. Wewe umekulia humo, huwezi kujua tulivyochanganyikiwa. Ghafla maduka karibu na soko yakajaa redio kaseti, malori yakawa yanashusha kila kitu kutoka Nairobi kupitia Namanga, bendi zikaja na spika ndefu kuliko bwana harusi. Watu wakazoea kelele upesi sana. Tukifika ukumbini na stendi yetu moja, wenye shughuli walikuwa wanaulizana kwa macho kama vyombo vingine viko njiani. Anaeli hakujali. Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu.

Nikaanza kwenda kwa fundi redio mmoja karibu na mto Themi, bila kaka kujua. Kwanza alinifungia ndani ya gitaa kile kidude cha kusikilizia kinachotoka kwenye mkono wa simu. Kilipaza kila kitu ambacho sikutaka: kucha, mkono ukigusa mbao, hata kifungo cha shati. Nikakitoa. Kisha akanionyesha pikapu ya gitaa la umeme iliyotoka Nairobi, pamoja na amplifaya iliyotumika, na alipochomeka gitaa lake mimi nilisimama mdomo wazi. Sauti ilikuwa safi, kubwa, haina mluzi. Akanieleza kwa uaminifu kabisa kwamba sumaku inasikia nyuzi tu, mbao haiisikii, na kwamba kwa gitaa kavu, lisilo la umeme, kama langu lazima nikate nafasi ya kuiingiza. Nilisikia ile habari ya sauti kubwa. Ya mbao sikuisikia.

Siku hizo hizo meneja wa hoteli moja ya watalii alikuwa anatafuta wapigaji. Akanitumia ujumbe kwamba Jumamosi atakuwa mgeni kwenye harusi ambayo mimi na kaka tulikuwa tumeitwa, atatusikiliza humo humo. Alhamisi ya wiki hiyo Anaeli alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikaingia kibandani kwake, nikachukua msumeno wake mwembamba na patasi yake, nikalikata gitaa aliloliunda. Nilipanua tundu upande wa chini, na nikakata mojawapo ya mbavu za ndani, zile mbao nyembamba zinazoushika uso wa gitaa. Nilipolipiga bila umeme lilisikika kama boksi la viatu. Nikajiambia si neno, likichomekwa hakuna atakayejua.

Umewahi kuniuliza kwa nini chini ya tundu pana kipande cha mbao ya rangi nyingine, nikakwambia lilianguka. Halikuanguka.

Harusi ile ilikuwa ya watu wa kwetu, na sisi tulipewa wimbo wa kuingiza ndafu. Unajua jinsi mambo yanavyokuwa hapo, mbuzi mzima amebanikwa, ana majani mdomoni, watu wamesimama wanacheza. Lakini wazee wa pande zote mbili hawamtazami mbuzi, wanasubiri mababu zao watajwe. Ubeti wa kwanza ni wa kusifu ndafu na wapishi. Ubeti wa pili, Anaeli alikuwa anataja majina ya mababu wa upande wa bibi harusi, mmoja mmoja, kwa Kichaga. Majina hayo hakuyatunga. Alikuwa amepanda mlimani wiki mbili kabla, akakaa na wazee wa ukoo ule siku nzima ayapate kwa mpangilio, asimruke mtu. Bibi yake bibi harusi, mzee sana, alikuwa ameletwa kwa gari kutoka huko huko juu, na alikuwa ameahidiwa atamsikia baba yake akitajwa mbele ya watu.

Anaeli alipoona gitaa aliganda. Aliliangalia pale palipokatwa, akapapasa kwa kidole gumba, akaniuliza nimelifanya nini. Nikamwambia nimeliboresha. Hakunigombeza, watu walikuwa wameanza kuingia. Aliuliza jambo moja tu, "Bibi yule atasikia?"

"Leo hata Moshi watasikia," nikamjibu.

Hatukumweka mtu benchi la mwisho siku hiyo. Nilisema hakuna haja.

Nataka uelewe ilivyokuwa kwa upande wangu, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo. Ilikuwa tamu, Aika. Amplifaya niliiweka nyuma yangu, inanipiga mgongoni, kila uzi naupata mzima mzima. Baada ya miaka yote ya kurudi nyuma na kusogea, nikawa nimesimama mahali pamoja, nimefumba macho, najisikia mimi. Watu walipiga makofi ndafu ilipoingia. Nikaongeza sauti. Nikamaliza wimbo wote na mkia nikauongeza, madoido niliyokuwa nimejifunza kwenye kaseti.

Nilipofumbua macho, Anaeli hakuwepo pembeni yangu. Maikrofoni imesimama peke yake. Baadaye dada mmoja aliyekuwa mbele alinieleza kwamba kaka alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, alinigusa bega, mimi nikatingisha kichwa nikidhani ananipongeza, akajaribu tena majina mawili, halafu akanyamaza. Kwenye ubeti wa pili, mwanzo mwanzo. Nilipiga ubeti mzima wa pili na wa tatu na madoido yangu juu, ndugu yangu amenyamaza, nami sikujua.

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amepiga magoti mbele ya yule bibi. Bibi alikuwa bado ameweka mkono sikioni. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia akiuliza kwa upole, "Baba yangu mmemsahau?" Na Anaeli akamshika ule mkono, akamwinamia, akaanza kumtajia majina yote sikioni, moja baada ya jingine, katikati ya kelele za watu wanaokata nyama. Ningekwenda nikapiga magoti na mimi. Lakini meneja wa hoteli alikuwa amenifikia.

Akaniambia nianze Jumatatu. Miaka yote nimesimulia kwamba nilimwuliza, na mwenzangu je, akasema nafasi ni ya mtu mmoja. Mama yako anaijua hivyo. Sikumwuliza. Yeye hakumtaja Anaeli na mimi sikumtaja.

Nilipiga pale miaka mitatu. Wageni walikuwa wanakula, wanasimuliana habari za twiga. Siku moja nilikosea wimbo mzima, nikaingiza wa Krismasi katikati ya mwezi wa Julai, hakuna aliyeinua uso kwenye sahani. Kisha meneja akanunua kinanda cha umeme kinachopiga ngoma zake chenyewe, akampata na kijana wa kukibonyeza, akaniaga vizuri tu. Nilirudi nyumbani na amplifaya kwenye mkokoteni. Majirani walinipa pole, nami nilipokea pole kama mtu aliyeonewa. Hapo ndipo ninapojidharau zaidi kuliko kwenye ile harusi.

Nilikaa mwaka mwingine ndipo nikaenda Terrat, kwa kaka, na jani la sale. Unalifahamu, lile tunalopanda mipakani. Mchaga akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe, hata awe na uchungu wa namna gani. Nililifunga fundo kama inavyotakiwa, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Akalipokea palepale. Shemeji akaleta mbege, tukanywa kibuyu kimoja. Nikaona mambo yamekwisha, nikachangamka, nikamwambia Krismasi inakuja, turudi na maikrofoni yetu ile, watu wanatuulizia.

Akasema, "Nimekusamehe. Kuimba ni jambo lingine."

Hajaimba tena. Umekaa naye benchi moja kanisani tangu ulipokuwa mdogo, ulishawahi kumsikia? Anafungua kitabu cha nyimbo, anafuata maneno kwa kidole, midomo imefungwa. Ninyi mlidhani ndiyo tabia yake. Ndeshi sauti yake hakuitoa hewani, mwanangu, hiyo ni ya baba yake, na pengine ni yeye peke yake aliyepata kumsikia tangu siku ile, huko kibandani, akiwa mdogo wa kubebwa. Wiki moja baada ya sale Anaeli alikuja hapa nisipokuwepo, akalichukua gitaa. Akalirudisha limezibwa, ubavu umebadilishwa, pikapu imefungwa kwenye gazeti. Ndilo ulilojifunzia.

Sasa swali lako. Sisemi pikapu ni dhambi. Yako haikati mbao, inabanwa na kutolewa, ningeipata hiyo labda nisingeshika patasi. Na hotelini kwenu, karibu na bahari, kuna upepo na vijiko na watu wanaongea, maikrofoni itaokota yote hayo na kuwarudishia. Lakini ukichukua amplifaya, Ndeshi atumie maikrofoni ya hotelini, na usianze na gitaa. Mimi nilianza na gitaa, nikajitengenezea nafasi yangu yote, halafu kaka akaambiwa atafute pa kupenya. Anza na Ndeshi. Aimbe peke yake mpaka aseme anajisikia vizuri bila kukaza shingo, kisha ndipo ufungue gitaa kidogo kidogo, ukome mara tu linapomfikia. Spika iweke mbele yenu ninyi wawili, usiiweke nyuma yako ikakubembeleza mgongo. Ikipiga mluzi, punguza, usihangaike kubishana nayo. Na mtafute mtu mwenye masikio mazito. Dar hawakosi. Mkalishe mbali, halafu mwende mkamwulize amesikia maneno gani. Watawacheka, wacha wawacheke.

Hayo ya vyombo ni mepesi. Fundi yeyote angekwambia. Nirudi kwa leo.

Ulichomeka, ukafumba macho. Nilikuona. Ulipiga vizuri mno, nisikunyime haki yako, vidole vyako vimenipita. Ubeti wa kwanza Ndeshi alikuwepo, kwa taabu. Wa pili aliingia, akapandisha, akakutazama, akapandisha tena. Kisha akafunga mdomo. Alisimama tu na ile maikrofoni mkononi, anatabasamu kwa ajili ya watu, na wewe ukaendelea. Uliendelea mpaka mwisho, ukaongeza na mkia.

Anaeli alikuwa kwenye ua, amesimama kama mtu anayesubiri kuhesabiwa. Hakumwangalia binti yake wala hakukuangalia wewe. Alikuwa ananiangalia mimi, tangu Ndeshi aliponyamaza mpaka ulipofumbua macho, aone kama nitasema. Nilikuwa na nafasi ya kusema hatua nne tu kutoka uliposimama. Sikusema. Ndipo naye akasema lile lake, ukamshukuru, na Ndeshi akakwambia wimbo umetoka vizuri. Kwa hiyo nimekosa mara mbili kwa watu wa nyumba moja, na hili la pili sina sale la kulipelekea, maana anayepaswa kulitengeneza ni wewe.

Barua hii naiingiza kwenye mfuko wa gitaa, pale unapoweka nyuzi, uikute utakapofunga mizigo kabla ya chakula. Ukimaliza kuisoma usije kwangu. Nenda jikoni, Ndeshi yuko na mama yako wanamenya ndizi. Mwulize aliacha kuimba wapi. Usimwulize kama aliacha, mwulize wapi. Akikutajia mstari, hata kama utaona aibu, mshukuru, na mfunge mizigo pamoja, mchukue mnachokubaliana.

Lakini akikwambia hakuacha, kwamba aliimba mpaka mwisho na wewe tu hukumsikia vizuri, iache amplifaya hapa nyumbani. Maana yake ameshakusamehe. Baba yake naye alinisamehe.

Baba yako